Tulifuata mukuba mpaka ku bahari

Sisi tunakaa Likasi, karibu na njia kubwa inayotoka Kolwezi kwenda Lubumbashi. Usiku na mchana kamio zinapita. Batoto wetu wamezoea kulala katika kelele yake, na siku njia inafungwa juu ya ajali, ni kimya kinachowaamsha. Kamio zenye mukuba zinaenda zote upande mmoja. Jioni moja, kijana wetu wa miaka tisa akamuuliza nkambo yake: « Kambo, ile mukuba inaendaka wapi? »

Mzee alifanya kazi ya mukuba miaka 31. Sehemu kubwa alikuwa katika chumba cha elektrolizi, mahali shaba inajibandika kidogo kidogo kwenye mabao ndani ya maji ya asidi. Yeye njo alikuwa anatosha mabao ile, anaosha, anahesabu, anafunga. Akamjibu mtoto: « Inaenda ku bahari. »

« Ulionaka bahari? »

Mzee akanyamaza. Kisha akasema: « Hapana. Mimi nilikuwa naishia ku gare. »

Kwetu tulikuwa tumeweka makuta ya kununua malata ya chumba cha tatu. Tulizungumza usiku huo na usiku uliofuata. Kifua cha mzee hakiko kizuri. Kila wakati wa baridi kikohozi kinazidi. Hatukusema kwa sauti, lakini wote tulikuwa tunahesabu kichwani. Malata inaweza kungoja mwaka mmoja. Jirani alipopata habari alitucheka mbele ya lopango: « Munatupa makuta mu njia, juu ya kuangalia mayi? Mayi iko na Lufira! »

Tulitoka mwezi wa saba, vakansi ilipoanza na baba wa watoto alipopewa likizo yake. Tulikuwa sita: sisi wawili, watoto watatu, na mzee. Motokari ni Toyota ya safu tatu za viti, ya mazutu, si mpya hata kidogo. Hema moja tuliinunua chakaa. Ya pili fundi alitushonea kwa kitambaa kizito cha kufunikia kamio. Juu ya motokari tulifunga mbabula, gunia la makala, bido mbili za maji, unga, makayabo, na magodoro mawili membamba.

Kwanza karatasi, maana wengi wanatuuliza. Kila mtu na pasipoti yake, hata mtoto mchanga. Kila mtu na karatasi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano; wanaiomba kweli. Kwa motokari, karatasi zake za asili kwa jina la mwenye kuendesha (kama si jina lake, barua ya ruhusa yenye muhuri), na asiranse ya COMESA, ile « karte ya manjano » inayokubaliwa Zambia na Tanzania pia. Zambia wanalipisha kodi ya moshi wa motokari na kodi ya barabara, na njiani kuna vituo vya kulipa. Uwe na pembetatu mbili za kuonya na kizima-moto. Kasumbalesa ilitukula siku nzima kasoro saa mbili. Hatutaandika juu yake. Msomaji wa hapa anaijua.

Ng'ambo ya mpaka kitu cha kwanza ni kwamba wanaendesha upande wa kushoto. Usukani wetu nao uko kushoto, basi anayeendesha haoni kitu nyuma ya kamio iliyo mbele yake. Ili kupita kamio, inabidi yule aliyekaa kulia mbele awe jicho. Mama wa watoto alijaribu kutoka Chililabombwe mpaka Chingola, akafumba macho mara mbili. Mzee akasema: « Nipe ile kiti. » Tokea hapo kazi ikawa yake. Alikuwa anainama kidogo, anatazama, anasema: « Bado… bado… bado… Enda! » Hakukosea hata mara moja. Alichukua pia kaye ya shule ya kijana na kuanza kuandika hesabu ya kamio za mukuba tulizozipita na zile zilizotupita tukipumzika.

Watoto walidhani kamio zile ziko karibu tupu, juu mzigo ni mdogo, mafungu machache ya mabao chini kabisa, yamefungwa kwa mikanda ya chuma. Mzee aliwaeleza kwamba mukuba ni nzito. Kamio ikifika tani 30 hivi, imejaa, hata kama macho yanaona nafasi. Aliwaonyesha pia zile zinazokuja upande wetu: salfa ya manjano ya kutengenezea asidi, chokaa kutoka Ndola, mazutu, masheni, unga. « Bila ile inayoingia, ile inayotoka haiwezi kutoka, » alisema. Katika kiwanda hakuna aliyekuwa amemwonyesha vile, alijifunza mwenyewe kwa kusoma magunia.

Kapiri Mposhi tulisimama kwenye stesheni ya TAZARA. Hapo mzee alitukawiza karibu saa nzima. Reli ile, kilomita 1,860 mpaka Dar es Salaam, ilijengwa na Wachina pamoja na watu wa Zambia na Tanzania kati ya 1970 na 1975, ili mukuba ya Zambia isipite tena kusini kwa walowezi. Mwaka uleule wa 1975 vita ya Angola ilifunga njia yetu ya Lobito. Basi kwa watu wa kiwanda TAZARA haikuwa habari ya magazeti. Upana wa reli ni uleule wa kwetu, milimita 1,067, ndiyo maana vagoni lililopakiwa Likasi linaweza kufika baharini bila kushusha mzigo. Mzee alikuwa anaandika « Dar » kwa chaki juu ya vagoni. Alikwenda mpaka kwenye reli, akapiga chuma kwa kisigino, akarudi bila kusema neno.

Juu ya kulala. Sharti letu lilikuwa: saa kumi na moja jioni motokari imesimama. Usiku kamio zilizoharibika zinabaki katikati ya njia, na alama yake ni matawi ya miti tu. Hema hatukuisimamisha kamwe kando ya njia. Tuliomba mahali: kwenye majani ya nyumba ya wageni (ukilala katika hema yako unalipa kidogo sana kuliko chumba), parokiani, kwa mkulima mwenye ukuta na mlinzi. Mtu akiona watoto na mzee, ni vigumu akukatalie. Mzee tulimlaza ndani ya motokari, viti vimelazwa, madirisha yamefunguliwa kidole kimoja.

Usiku mzuri kuliko zote za Zambia ulikuwa Kundalila, kando kidogo ya njia baada ya Serenje. Maji yanaanguka mita zaidi ya 60 katika bonde. Mama wa watoto, ambaye nyumbani kwao Kasenga wanasema Kibemba, alielewa jina kabla hatujauliza: ni kulia kama njiwa. Kwa jumla Zambia ni yeye aliyetulisha, kwa ulimi wake. Sokoni alisema *ubwali* na watu wakajua bukari, alisema *umukuba* na mlinzi mmoja akacheka: « Nyinyi ni wa huku tu, ila mpaka ulipita juu yenu. »

Kutoka hapo mpaka Mpika njia inafuata mgongo wa nchi. Mvua inayoanguka upande wa kulia inaenda Luangwa na Zambezi. Inayoanguka upande wa kushoto inaenda Chambeshi, ziwa Bangweulu, Luapula, Moero, na mwisho ni mto wetu Kongo. Watoto walisimama wakamwaga chupa ya maji upande wa kushoto, ili ifike nyumbani mbele yetu. Mashimo ya barabara katika sehemu ile hatutayasifu. Pine moja ilipasuka, ya pili ikavimba ubavu, na tulilipa pine ya Mpika kwa bei ya kulia. Lakini kaskazini ya Mpika tuliacha njia, tukaenda Kapishya, mahali maji ya moto yanatoka ardhini kati ya mitende, safi kabisa, hayanuki. Mzee aliingia na nguo zake za ndani akakaa mpaka giza. Kijana mkubwa alimuuliza kama ni mazuri. « Hii njo elektrolizi ya kwanza isiyouma, » alijibu.

Tuliingia Tanzania kwa Tunduma, saa moja ilipotea hapohapo juu saa yao iko mbele ya yetu. Na hapo tuliona kwamba Kiswahili chetu kina hali yake. Kijana wa dukani alimwinamia mzee: « Shikamoo, babu. » Mzee akajibu kwa furaha: « Jambo sana! » Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mama mmoja mwenye kuuza ndizi akamfundisha: anayepewa shikamoo anasema marahaba. Kuanzia siku ile mzee alikuwa anangoja tu mtu amsalimu. Watoto waliandika katika ile kaye, ukurasa wa nyuma: bukari ni ugali, sombe ni kisamvu, lengalenga ni mchicha, makuta ni hela, kuya ni njoo. Msichana wetu aliona haya kusema sokoni. Muuza ndizi akamwambia: « Ongea tu, mwanangu. Nakusikia vizuri. »

Katika vijiji vya Tanzania mwendo ni kilomita 50 kwa saa na hakuna mchezo. Polisi wanakaa chini ya mti na mashini ya kupima mwendo. Madereva wanaiita tochi. Madereva wa kamio wanawashiana taa kuonyana. Tulilipa faini mara moja, na risiti tulipewa.

Mbeya ni juu sana, na mwezi wa saba ni baridi ya kweli. Asubuhi majani yalikuwa meupe. Mzee alikohoa usiku kucha, akasema ni moshi wa mbabula. Siku iliyofuata tuliendesha mpaka upande wa Iringa, tukasimamisha hema kwa mkulima mmoja, chini ya miti. Saa nane za usiku kijana mkubwa alitupigia kelele. Mzee alikuwa amekaa wima ndani ya motokari, mikono juu ya magoti, anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Mkulima alituongoza na pikipiki yake mpaka hospitali. Walimpa oksijeni na sindano. Daktari, mwanamke mdogo kwa umri, aliuliza: « Mzee alikuwa anafanya kazi gani? » Tukamwambia. Hakushangaa, alisema amekwisha kuwaona wengine wa migodi. Alieleza polepole, kwa Kiswahili chepesi, kwamba mapafu kama yale hayarudi kuwa mapya, ila baridi na moshi vinayafunga zaidi, na kwamba lazima aache kulala karibu na makala yanayowaka. Tunaandika jambo hili juu linatuhusu wengi: sisi tuliweka mbabula karibu na mlango wa motokari usiku, tukidhani tunampa joto. Ile ilikuwa kosa letu. Makala yanatoa hewa mbaya isiyoonekana, na katika hema lililofungwa au motokari inaweza kuua hata kijana mzima.

Siku mbili tulikaa pale. Mama wa watoto alisema turudi. Baba wa watoto alikuwa anahesabu: kama mzee akifia Tanzania, tutamrudisha namna gani, kwa makuta gani? Jirani atasema nini? Ndiyo, hata hilo tulilifikiri, na tunaona haya. Upande mwingine kulikuwa na hesabu ya njia. Kurudi ni zaidi ya kilomita 1,500, na karibu yote ni juu, katika baridi ileile: Mbeya, Isoka, Mpika. Kwenda mbele ni 500 hivi, na baada ya Iringa njia inashuka katika joto. Tulimuuliza daktari. Alisema kama ni lazima asafiri, basi ashuke, asipande. Alale chumbani, si ndani ya motokari. Na alituandikia dawa ya kuvuta.

Mzee mwenyewe hatukuwa tumemuuliza. Alikasirika. « Munazungumza juu yangu kama mupakio wa vagoni. Nani aliwaambia mimi nataka kurudi? »

« Baba, hewa… »

« Hewa iko chini. Daktari amesema. Tuende. »

Asubuhi tuliondoka polepole. Kiti cha mbele kulia alikaa mama wa watoto, na safari hii hakufumba macho. Mzee alilala kiti cha katikati. Kitonga ni mteremko mrefu wa kona zilizokunjamana, kamio zinashuka kwa gia ya kwanza, breki zinanuka, na chini unaona bonde lote la Ruaha. Tulishuka nyuma ya kamio ya Kolwezi yenye mukuba, mwendo wa mtu anayetembea, bila kujaribu kuipita. Kila kona hewa ilikuwa inazidi joto. Chini kabisa ni mibuyu pande zote, na vitunguu vimepangwa kando ya njia kwa mafungu. Hapo mzee alifungua dirisha. Akauliza: « Ile kamio muliandika? » Hatukuwa tumeandika. Akaomba kaye.

Katika mbuga ya Mikumi barabara kubwa inapita kati ya wanyama, karibu kilomita 50. Kuna kibao cha faini: ukigonga mnyama unalipa, kila mnyama na bei yake, kwa dola. Watoto walisoma bei zile kwa sauti kubwa kuliko masomo yao yote ya mwaka. Tuliona tembo saba, twiga, punda-milia wasiohesabika. Kusimama ovyo hapana, kulala ndani bila kulipa hapana. Tulilala Morogoro, watoto katika hema, mzee na mama chumbani. Hakukohoa sana.

Dar es Salaam ina msongamano kuliko Lubumbashi mara nyingi, tupite haraka. Tulivuka na kivuko kwenda Kigamboni, mahali pa kusimamisha hema karibu kabisa na mchanga. Ilikuwa saa kumi jioni. Watoto walikimbia na viatu. Mzee tulimshika mikono huku na huku, akakataa, akatembea peke yake mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Alichovya kidole akaonja. « Kweli ni chumvi, » alisema, kama mtu aliyedhani alidanganywa shuleni.

Mbele yetu meli kubwa zilikuwa zimesimama zikingoja zamu ya bandari. Alitaka kujua ni ipi iliyo na mukuba. Tulimuuliza mvuvi aliyekuwa anakunja nyavu. Mvuvi akasema shaba inatiwa ndani ya makontena, makontena yanafungwa, na kwa macho huwezi kujua.

« Yaani hata huku haionekane? »

« Haionekani, babu. »

Mzee alikaa juu ya mchanga. Alifungua kaye akajumlisha, akahakikisha mara ya pili, akamwita kijana wa miaka tisa. Kamio za mukuba 614, bila zile za siku mbili za hospitali na zile za usiku. Alimwambia azidishe kwa 30 apate tani. Mtoto alizidisha kwa kijiti juu ya mchanga: 18,420. Mzee akatazama namba ile muda mrefu. « Siku tisa tu, » alisema. « Na zile tulizoziona tu. » Kisha akauliza kama kuna samaki ya kuchoma.

Tulikaa siku nne. Tulimrudisha mzee kwa basi mpaka Tunduma pamoja na mama, wakilala vyumbani, na sisi wengine tukafuata na motokari. Makuta yalikwisha kabisa Kapiri Mposhi. Ndugu wa Kitwe alitukopesha mazutu ya mwisho. Chumba cha tatu hakijapata malata mpaka leo. Mzee anavuta dawa yake asubuhi na jioni, mbabula tumeitoa nje ya nyumba, na jioni anakaa mlangoni kutazama kamio. Watoto wakimsalimu wanasema shikamoo.

Tulileta bido moja ndogo ya maji ya bahari. Jirani alikuja kuona, akasema ni mayi ya bomba tu, tumedanganywa. Mzee akamjazia kikombe. Akanywa yote mara moja, akatema juu ya viatu vyake.

« Enda ukanywe ya Lufira, » mzee alimwambia.